Kabla ya Kuchukuliwa Kinyama cha Tezi Dume, Taja Kila Dawa Uliyomeza

PSA yangu imepanda. Je, hiyo ndiyo saratani?

La. PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, ni kengele, na kengele hulia kwa sababu nyingi. Hupanda tezi inapokua kwa umri, hupanda kukiwa na maambukizi, na hupanda pia kukiwa na saratani. Miongoni mwa wanaume ambao PSA yao iko baina ya 4 na 10, ni kama mmoja kati ya wanne anayekutwa na saratani akichukuliwa kinyama. Ndiyo maana daktari makini hurudia kipimo, hupima mkojo, hupapasa tezi kwa kidole, na panapopatikana MRI huitanguliza. Utafiti wa PRECISION, uliochapishwa mwaka 2018 na kuhusisha wanaume 500, ulionyesha kuwa katika kundi lililoanza na MRI, 28 kati ya kila 100 hawakuhitaji sindano ya kuchukua kinyama. Shaka ikibaki, hata hivyo, ni kinyama kilichowekwa chini ya darubini ndicho kitakachosema.

Nijiandae vipi?

Wengi hujiandaa kwa yale wanayoyaona: kufunga kula, kuoga, kutafuta wa kuwasindikiza. Mambo hayo ni mepesi, kwani mara nyingi kazi hii hufanywa kwa ganzi ya sehemu tu na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Nashikilia kwamba maandalizi yenye uzito ni maneno, yaani yale unayomweleza daktari kabla hajashika sindano. Mweleze kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama wafarini au klopidogreli, lakini usiziache kwa uamuzi wako, hasa ukiwa umewekewa kifaa cha kupanua mshipa wa moyo. Kuziacha ghafla kunaweza kukuua upesi kuliko saratani unayoiogopa. Mweleze kama una kisukari, kama umevaa mpira wa mkojo, kama mkojo unachoma. Mkojo ukiwa na maambukizi, kipimo huahirishwa hadi yatibiwe.

Liko moja linalosahaulika kuliko yote: antibiotiki ulizomeza miezi ya karibuni. Sindano inayopitia njia ya haja kubwa hutoboa ukuta wa utumbo na inaweza kuwaingiza bakteria kwenye tezi na kwenye damu. Kinga iliyozoeleka ni kidonge, mara nyingi siprofloksasini. Sasa mchukue mwanaume ambaye tumbo lilimsumbua miezi mitatu iliyopita, akaingia duka la dawa, akauziwa siprofloksasini bila cheti, akameza siku tatu akapata nafuu akaacha. Bakteria waliobaki utumboni mwake huenda ni wale walioishinda dawa hiyo. Akipewa dawa ileile kuwa kinga, anaweza kulala kwenye kitanda cha kuchukuliwa kinyama akiwa hana kinga yoyote, na hakuna anayejua.

Kuyafuatilia hayo si kazi ya daktari?

Kuuliza ni wajibu wake, na asipouliza amekosea. Lakini faili la hospitali huandika dawa zilizotolewa na hospitali. Halijui vidonge vilivyofungwa kwenye kikaratasi bila jina, wala dawa alizokuachia jirani. Habari hizo unazo wewe peke yako. Wengine huficha wakihofia kukaripiwa kwa kujinunulia dawa. Hofu hiyo naielewa, na daktari anayemkaripia mgonjwa aliyesema kweli anajiharibia kazi mwenyewe. Daktari akijua, anaweza kubadilisha antibiotiki, kuotesha bakteria maabara kwanza, au kuchagua njia nyingine.

Njia nyingine ni ipi?

Ni kupitisha sindano kwenye ngozi ya msamba, kati ya pumbu na tundu la haja kubwa, bila kuugusa utumbo. Miongozo ya madaktari wa mfumo wa mkojo barani Ulaya inaipendelea kwa sababu ya kupunguza maambukizi. Hospitali nyingi bado hutumia njia ya haja kubwa, na si sababu ya kukimbia: kupaka ndani ya njia hiyo dawa ya povidoni ayodini kabla ya sindano hupunguza hatari, nayo ni dawa ya bei ndogo. Uliza kama itapakwa.

Nitaumia?

Kifaa cha ultrasaundi, chenye unene wa kidole hivi, huingizwa njia ya haja kubwa, kisha ganzi hudungwa kando ya tezi. Ganzi ndiyo huchoma zaidi. Sindano yenyewe husukumwa kwa springi: utasikia mlio mkavu kama wa stepla, ukirudiwa mara kumi hadi kumi na mbili. Kila mara hutoka uzi mweupe wa nyama, mwembamba kama tambi, ukatumbukizwa kwenye kichupa cha fomalini.

Wanasema ukiichokoa saratani, inasambaa. Na nguvu za kiume?

Saratani ya tezi dume kusambaa kwa sababu ya sindano ni jambo adimu mno. Imani hii hukua kwa sababu wengi huchelewa kupimwa, ugonjwa ukiwa umekwisha kutambaa, na lawama huiangukia sindano. Nguvu zinaweza kulegea kwa muda kwa baadhi ya watu, kisha hurudi. Damu kwenye mkojo au choo kwa siku chache ni kawaida. Shahawa zinaweza kuwa na rangi ya kahawia kwa wiki kadhaa.

Nirudi hospitali lini?

Mkojo ukigoma kutoka, damu ikiganda mabonge, au joto likifika nyuzi 38 na mwili ukatetemeka. Homa ya siku hizo usiiite malaria ukajitibu nyumbani, wala usingoje kupambazuke. Nenda ambako kuna dripu na maabara, na hata kabla hujaketi waambie: “Nimechukuliwa kinyama cha tezi dume juzi, kinga niliyopewa ni hii.” Kisha waonyeshe paketi ya dawa.