Mwanga Kwanza, Kitufe Baadaye: Misingi ya Upigaji Picha kwa Anayeanza

Albamu nyingi za harusi, mahafali na mabaraza hapa Pwani zina kasoro moja inayojirudia. Bahari ni ya buluu, anga linang'aa, lakini nyuso za watu ni giza na macho hayaonekani. Mwenye picha hulaumu kamera, naye mpiga picha hulaumu jua. Mara nyingi kamera ni nzima na jua halina kosa. Kilichokosekana ni kuelewa jinsi kamera inavyopima mwanga.

Hasara yake si ndogo. Harusi hairudiwi kwa sababu ya picha. Bibi aliyepigwa picha moja tu siku ya mkusanyiko wa familia huenda asiwepo mkusanyiko ujao. Kwa kijana anayetafuta riziki kwa kamera, albamu moja yenye nyuso za giza humpotezea mteja, pamoja na majirani wote watakaoiona albamu hiyo. Makala haya yanaeleza misingi ambayo mkaazi yeyote anaweza kujifunza kwa kamera ya dijitali, mpya au ya mtumba. Sehemu kubwa inamfaa pia mwenye simu.

Kamera inavyopima mwanga

Nyuma ya lenzi ya kamera ya dijitali kuna kihisi, yaani kibamba kidogo kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Kabla ya picha kupigwa, kamera hupima mwanga ulio mbele yake na kuamua kiasi kitakachoingia. Kipimo hicho kimejengwa juu ya dhana moja: kwamba mandhari yoyote, weusi na weupe wake ukichanganywa, hutoa rangi ya kijivu cha wastani.

Kwa mandhari mengi dhana hiyo inafaa. Ufuoni, hukwama mara kwa mara. Mtu akisimama Mama Ngina na kuipa bahari mgongo, sehemu kubwa ya picha ni anga na maji yanayong'aa. Kamera hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso wa mtu unabaki kivuli. Bwana harusi mwenye kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa hutoka wa kijivu kwa sababu iyo hiyo. Kinyume chake, akina mama waliovaa mabuibui wakijaza picha, kamera hudhani pana giza, inaongeza mwanga, na nyuso zao zinapauka.

Shida ya ngozi nyeusi katika picha ina historia. Enzi za filamu, maabara nyingi za kusafishia picha zilisawazisha rangi kwa kadi za kampuni ya Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mzungu, maarufu kama kadi za Shirley. Rangi ikimkaa vizuri yeye, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Kamera za leo zimeboreka, na nyingi hutambua uso wa mtu, lakini uamuzi wa mwisho bado ni wa aliyeishika.

Dawa ya kwanza ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa (+/−). Kupitia kitufe hicho mpiga picha huiambia kamera iongeze au ipunguze mwanga kuliko ilivyoamua yenyewe. Kila hatua moja ni mara mbili: +1 huongeza mwanga maradufu, na −1 huupunguza kwa nusu. Kwa kuanzia, vipimo hivi vinasaidia:

- Mtu aliyeipa bahari au anga mgongo: +1 hadi +2.
- Kanzu nyeupe, ukuta wa chokaa au mchanga mweupe uliojaza picha: +1.
- Mabuibui au nguo nyeusi zilizojaza picha: −1.

Katika kamera nyingi kitufe hiki hakifanyi kazi gurudumu la juu likiwa kwenye otomatiki kamili. Anayeanza aligeuze hadi herufi P, na kipimo kitamtii. Baada ya kazi akirudishe kwenye sifuri, la sivyo picha za kesho zitaharibika.

Kipimo hiki kina gharama yake. Uso ukiongezewa mwanga, anga la nyuma nalo huongezewa, na linaweza kutoka jeupe tupu. Anayetaka vyote viwili amgeuze mtu ili jua limpige ubavuni, au awashe flashi hata kama ni mchana. Flashi ya mchana huangaza uso bila kugusa anga.

Upenyo, shata na ISO

Akishazoea kitufe hicho, anayeanza ajifunze vitu vitatu vinavyoamua mwanga wa kila picha.

Cha kwanza ni upenyo, yaani tundu lililo ndani ya lenzi. Huandikwa kwa herufi f na namba: f/2.8, f/4, f/5.6, f/8, f/11, f/16. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaoingia ni mwingi. Tundu kubwa pia hufanya mandhari ya nyuma yawe na ukungu, jambo linalopendeza katika picha ya mtu mmoja. Kwa picha ya familia iliyosimama safu tatu, f/8 inafaa zaidi, kwani safu zote hutoka wazi.

Cha pili ni kasi ya shata, yaani muda ambao pazia la kamera hukaa wazi. Hupimwa kwa sehemu za sekunde: 1/60, 1/125, 1/250, 1/500. Kasi ikiwa ndogo, mwendo huacha ukungu. Mtu aliyetulia hupigwa kwa 1/125 bila shida. Watoto wanaocheza mpira au mashua inayokata maji huhitaji 1/500 na zaidi. Chini ya 1/60, mkono wa mpiga picha wenyewe huanza kuitikisa picha, na hapo ni heri kuiweka kamera juu ya meza, ukuta au kigoda cha miguu mitatu.

Cha tatu ni ISO, ambayo ni kiasi cha kamera kukuza mwanga iliopokea. ISO 100 ni ya jua kali. Ukumbini usiku huenda ikahitajika 1600 au 3200. ISO ikipanda, picha huanza kuwa na chembechembe, hasa katika sehemu za giza. Hata hivyo, picha yenye chembechembe kidogo ni bora kuliko picha iliyotikisika, ambayo haina dawa.

Vitu hivi vitatu hufidiana. Picha ya f/8 kwa 1/250 ina mwanga sawa na ya f/5.6 kwa 1/500, ISO ikibaki ile ile: tundu limeongezwa hatua moja, na muda umepunguzwa hatua moja. Anayeelewa mfano huu ameelewa sehemu kubwa ya ufundi wa kamera.

Ipo pia kanuni ya zamani inayofaa siku ya jua kali lisilo na mawingu: upenyo uwe f/16, na kasi ya shata ikaribiane na namba ya ISO. Kwa ISO 100, shata iwe kati ya 1/100 na 1/125. Kanuni hiyo humsaidia anayeanza kujua kama kipimo cha kamera kinamdanganya.

Saa nzuri na kivuli kizuri

Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Mwaka mzima jua la adhuhuri husimama juu sana, na mwezi wa Machi na Oktoba hupita utosini kabisa. Jua la saa sita huangaza paji la uso na pua, huku macho yakizama kivulini. Hakuna kitufe kinachoondoa kivuli hicho kikamilifu.

Mwanga mwema hupatikana kuanzia jua linapochomoza hadi karibu saa mbili asubuhi, kisha kuanzia saa kumi alasiri hadi magharibi. Kwa kuwa jua la ukanda huu hutua haraka, mpiga picha aliyeahidi picha za machweo afike mapema na kamera iwe tayari.

Kazi ikiwa ya mchana, kama zilivyo nyingi, suluhisho ni kivuli. Baraza la nyumba, kivuli cha mwembe au kichochoro cha Mji wa Kale hutoa mwanga laini usiokata uso. Mtu asimame ukingoni mwa kivuli akitazama upande wenye mwanga, wala asijifiche ndani kabisa. Shuka jeupe likishikwa chini ya kifua chake, nje ya picha, hurudisha mwanga usoni na kufungua macho. Madoa ya jua yanayopenya kwenye majani yaepukwe, kwa sababu huacha mabaka usoni.

Kabla ya kubonyeza

Kamera ishikwe kwa mikono miwili, viwiko vikiwa karibu na mbavu. Kitufe kibonyezwe nusu kwanza ili kamera ilenge, na shabaha iwe jicho lililo karibu na lenzi. Mpiga picha aangalie pia kilicho nyuma ya kichwa cha mtu: nguzo ya stima huonekana kana kwamba imeota utosini. Mtoto apigwe picha mpigaji akiwa amechuchumaa, ili kamera ilingane na macho yake.

Baada ya picha ya kwanza, aikuze kwenye skrini na kuutazama uso, si anga. Juani skrini hudanganya, hivyo ni vyema kuitazama ikiwa imekingwa kwa mkono au kanga.

Chumvi, mchanga na unyevu

Hewa ya Pwani ni adui wa kamera. Lenzi isibadilishwe ufuoni penye upepo. Baada ya kazi karibu na bahari, kamera ipanguswe kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kisha kwa kikavu. Ihifadhiwe ndani ya chombo kinachofungika vizuri, pamoja na vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu, kwani unyevu huotesha kuvu ndani ya lenzi. Anayenunua lenzi ya mtumba aimulike kwa tochi kutoka upande mmoja na kuchungulia upande wa pili. Kuvu huonekana kama utando wa buibui.

Picha nazo zinahitaji ulinzi. Kadi isifutwe kabla picha hazijanakiliwa mahali pawili tofauti, kwa mfano kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje.

Ruhusa na haki

Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, picha inayomtambulisha mtu ni data yake ya kibinafsi. Anayetaka kutumia sura ya mteja kutangaza biashara apate idhini yake kwanza. Kwa mtoto, idhini itoke kwa mzazi au mlezi. Hata pale ambapo sheria haisemi neno, salamu na ombi la ruhusa ni sehemu ya kazi, hasa kwa wazee na akina mama. Akikataa, kamera iteremshwe.

Mpiga picha naye ana haki. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inailinda picha kwa miaka 50. Hata hivyo, kazi iliyoagizwa na mteja huhesabiwa kuwa imehamishiwa mteja huyo, isipokuwa kama wawili hao wamekubaliana vingine. Kwa hivyo mapatano yaandikwe kabla ya siku ya kazi: bei, idadi ya picha, siku ya kuzikabidhi, na nani ataruhusiwa kuzitumia.

Zoezi la wiki moja

Anayeanza amwombe mtu mmoja wa nyumbani, na afuate ratiba hii:

1. Siku ya kwanza na ya pili: ampige picha akiipa anga mgongo, mara tatu mahali pale pale, kwa kipimo cha 0, +1 na +2.
2. Siku ya tatu na ya nne: ampige saa moja asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na moja jioni, mahali pamoja.
3. Siku ya tano: ampige juani, kisha kivulini, kisha kivulini akiwa na shuka jeupe.
4. Siku ya sita: apige watoto wakicheza, kwa 1/60, 1/250 na 1/500.
5. Siku ya saba: azipange picha zote na kuandika daftarini ni ipi inayoonyesha macho vizuri, na kwa kipimo gani.

Daftari hilo lifungwe pamoja na kamera. Siku atakapoitwa kwenye harusi ya kwanza, bibi harusi atakuwa amesimama dirishani, taa zikiwa za rangi mbili, na wageni wakimsukuma. Hapatakuwa na muda wa kujifunza. Atakachohitaji ni kujua mapema kwamba dirisha litaidanganya kamera, na kwamba kidole chake kinajua kitufe cha kuisahihisha kiko wapi.