Dira ya Kitabuni na Dira ya Mikumi

Likizo ndefu iliyopita nilikuwa TP Kilosa, nafundisha Fizikia kidato cha pili na cha tatu. Kila Ijumaa nikimaliza kipindi cha mwisho nilikuwa nadandia Coaster kwenda Mikumi, kupitia Ulaya (ndiyo, wilaya ya Kilosa ina Ulaya yake, na viza haihitajiki), nalala kwa mama mkubwa mpaka Jumapili. Hela ya TP mnaijua. Kwa mama mkubwa ugali ulikuwa wa uhakika.

Huko nilimkuta dada, mtoto wa mama mkubwa, kajifungia chumbani na vitabu vinene vya Kiingereza. Dada ana leseni ya kurusha ndege ndogo, ila kwa masharti: aone mbele, hali ya hewa iwe safi. Alichokuwa anakitafuta ni kibali cha kuruka kwa vyombo, yaani ruhusa ya kuendesha ndege ndani ya mawingu huku nje haonekani mtu wala mlima, macho yakiwa kwenye vile visaa vya mbele yake tu. Anayetaka kuishi kwa urubani hawezi kukikwepa. Alishafanya mtihani wa nadharia mara moja, akafeli. Hela ya kurudia ilitoka kwenye mahindi ya mama mkubwa.

Nalileta hili gazetini kwetu kwa sababu moja: alifeli kwa njia ileile ambayo wengi wetu tunafaulia.

Masomo ya mtihani huo yanafuata viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na hapa nchini anayetoa leseni ni TCAA. Kuna sheria za anga, hali ya hewa, uongozaji wa safari, vyombo vyenyewe, mawasiliano ya redio, hata mwili wa binadamu. Maswali ni ya kuchagua jibu. Na penye kuchagua jibu, wanachuo wenzangu, pana desa. Dada alikuwa na maswali zaidi ya elfu kwenye simu, ameyakariri na herufi zake. Ukimsomea nusu ya swali anakwambia "C".

Nikamuuliza ni swali gani lililomuuma zaidi. Akasema la dira.

Kwenye kitabu chake cha Marekani kuna kanuni: ukiwa unaelekea mashariki au magharibi, ukiongeza mwendo, dira ya sumaku inajidai umepinda kaskazini, ukipunguza, inajidai umepinda kusini. Kwenye mtihani swali likaja hilohilo, na maneno matatu ya ziada: "kizio cha kusini". Yeye akaona swali analolijua, akaweka jibu analolijua, akasonga mbele.

"Sasa wewe mwalimu wa Fizikia," akaniambia, "nieleze. Usinipe herufi."

Nilichukua sahani na kijiti cha meno. Sumaku ya dunia haivuti kwa ulalo tu, inavuta na kwenda chini pia. Ukiwa Marekani, ncha ya kaskazini ya dira ndiyo inayozama. Ukiwa Mikumi, nyuzi 7 na kitu kusini mwa ikweta, inayozama ni ncha ya kusini. Ili kadi ya dira isilale upande, uzito wake unaegemea upande wa pili wa ncha inayozama: kule kwao upande wa kusini, huku kwetu upande wa kaskazini. Sasa ongeza mwendo kuelekea mashariki. Uzito unabaki nyuma, kama abiria aliyesimama kwenye daladala dereva anapokanyaga mafuta. Kwa kuwa uzito wetu uko kaskazini, alama ya kaskazini inaburutwa kurudi magharibi, na dira inasomeka kana kwamba umepinda kusini. Kinyume kabisa na kitabu.

Hiyo ni sheria ya kwanza ya Newton, niliyoifundisha kidato cha pili Jumatano ya wiki ileile. Niliifundisha kwa kuiandika ubaoni na kuwaambia wanakili. Nikaona aibu kidogo.

Kuanzia hapo tukabadilisha utaratibu. Desa likawekwa pembeni. Kila swali ilibidi aseme kwa nini majibu mengine matatu si sahihi, kisha anitungie swali la kwake kutoka mazingira ya hapahapa. Mwanzo alikuwa anatoa maswali mawili kwa jioni nzima, na alikasirika. Wiki ya tatu akatunga hili: ndege isiyo na mfumo wa kuongeza hewa inaruka kwa vyombo kuelekea magharibi, inapita karibu na kilele cha Luhombero, Udzungwa. Iruke usawa gani?

Luhombero ina mita 2,500 na ushee. Hesabu futi 8,500. Kanuni ya kimataifa inasema juu ya milima uwe angalau futi 2,000 zaidi ya kizuizi kirefu kuliko vyote ndani ya kilomita 8. Tunapata 10,500. Anayeelekea magharibi kwa vyombo anatumia maelfu ya namba shufwa: 10,000 haitoshi, 11,000 ni ya wanaoelekea mashariki, basi ni 12,000. Nikadhani tumemaliza. Akacheka. "Na pumzi je?" Kati ya futi 10,000 na 13,000, ikizidi nusu saa, rubani lazima awe na oksijeni. Swali moja limebeba ramani, sheria na mapafu. Kwenye desa lake hayo yalikuwa maswali matatu, kurasa tofauti.

Mama mkubwa alikuwa anatusikiliza bila kusema kitu. Tangu tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoangukia Ziwa Victoria ikikaribia Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya, na watu 19 kati ya 43 wakafariki, hataki kusikia habari za mawingu. Jumamosi moja akauliza: "Mtu mzima atashindwaje kujua kama amesimama wima au amelala?"

Tukaenda kwa kinyozi wa jirani, mwenye kiti cha kuzunguka. Mama mkubwa akakaa, akafunga macho kwa khanga. Dada akamzungusha polepole, mwendo uleule, nusu dakika hivi. Tukamuuliza anaelekea wapi. "Mmeshanisimamisha," akasema. Alikuwa bado anazunguka kulia. Kiti kiliposimama kweli, akashika mikono ya kiti kwa nguvu: "Mbona mnanirudisha kushoto?" Majimaji ya sikio la ndani yakishazoea mzunguko yanaacha kutoa taarifa, na ukisimama yanatoa taarifa ya uongo. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwapima marubani 20 wasio na mafunzo ya vyombo kwa kuwanyima kuona nje. Wote walipoteza udhibiti wa ndege, kwa wastani ndani ya sekunde 178. Hazifiki dakika tatu.

Mama mkubwa alivua khanga, akakaa kimya kidogo. Akamuuliza dada kama hela iliyobaki inatosha nauli ya kwenda kwenye mtihani.

Dada alirudia mtihani wiki ambayo mimi nilikuwa nasimamia jaribio la kidato cha tatu Kilosa. Amefaulu. Anasema swali la dira halikutokea kabisa. Zimebaki saa za mazoezi: viwango vya ICAO vinataka 40 za kuruka kwa vyombo, na sehemu yake tu ndiyo inaweza kufanyiwa chini kwenye mashine ya kuigiza. Anazo 26. Mahindi ya mwaka huu, mama mkubwa anasema, yamenyesha vizuri.