Matembezi ya Jumamosi: Bonde la Msimbazi Kama Maabara

Mwanafunzi wa sekondari jijini Dar es Salaam aghalabu huweza kueleza bila kusita mto Nile unatoka wapi na unamwaga maji yake katika bahari gani. Akiulizwa habari za mto Msimbazi, ambao pengine huuvuka kila siku akiwa ndani ya basi, hunyamaza. Kosa si lake peke yake, kwani Nile umo kitabuni na Msimbazi haumo. Hata hivyo, ni Msimbazi uliofurika mwezi Desemba 2011. Katika mafuriko yaliyolikumba jiji wakati huo watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande.

Wahenga walisema kwamba mtembea bure si mkaa bure. Somo hili linaeleza jinsi mwalimu na wanafunzi wake wanavyoweza kuufahamu mji wao kwa kutembea kila Jumamosi katika njia moja, wakiwa na vifaa vichache: daftari, penseli, saa, ramani ya mji, na kamba ya meta 10 iliyopigwa fundo kila baada ya nusu meta.

Faida ya kurudia njia ile ile

Mtu apitaye mahali mara moja huona vitu. Apitaye mara kumi huona mabadiliko. Mwezi Julai, wakati wa kiangazi, mtaro wa barabarani huwa mkavu, na mpita njia huweza kudhani kwamba umechimbwa mkubwa kupita kiasi. Mwezi Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, mtaro huo huo huenda ukafurika kwa mvua ya saa moja tu. Hakuna safari moja iwezayo kumpa mwanafunzi picha zote mbili. Ndiyo sababu njia ichaguliwe mara moja, isibadilishwe, na kila safari iandikwe tarehe, saa na hali ya hewa.

Kushuka bondeni

Njia ifaayo kuanzia ni ile itokayo Kariakoo kwenda Magomeni kwa barabara ya Morogoro. Abiria wa basi haoni ajabu yoyote, lakini miguu ya mtembezi humwambia kwamba ardhi inashuka hadi Jangwani, kisha inapanda tena. Hapo ndipo bonde la Msimbazi lilipo. Mto huu huanzia katika vilima vya Pugu, hupita katikati ya jiji, na huingia katika Bahari ya Hindi karibu na daraja la Selander.

Maji hufuata mkondo. Wanafunzi wasimame pale barabara inapoanza kushuka, na kila mmoja achore mishale katika ramani kuonyesha maji ya mvua yanatoka upande gani na yanaelekea wapi. Baada ya safari tatu au nne ramani hizo zikilinganishwa, darasa litakuwa limechora eneo ambalo maji yake yote hukusanyika mahali pamoja.

Hesabu ya paa moja

Kabla mji haujajengwa, sehemu kubwa ya mvua ilinywewa na mchanga na mizizi ya miti. Bati, saruji na lami havinywi maji. Chukua mfano wa nyumba yenye paa lifunikalo eneo la meta 8 kwa meta 10, yaani meta za mraba 80. Mvua ya milimita 50 ikinyesha, paa hilo hupokea meta za ujazo 4, ambazo ni lita 4,000, sawa na madumu 200 ya lita 20. Mwanafunzi akihesabu mapaa ya mtaa mmoja tu na kuzidisha, ataelewa kwa nini maji hufika bondeni upesi na kwa wingi.

Kasi ya maji ya mtaro nayo hupimika. Kipande cha gunzi huachiliwa juu ya maji, na muda wake wa kusafiri meta 10 huhesabiwa. Kikitumia sekunde 20, kasi ni nusu meta kwa sekunde. Mtaro ukiwa na upana wa sentimeta 60 na kina cha maji cha sentimeta 20, zao la tarakimu hizo tatu ni lita 60 kwa sekunde. Lakini maji ya juu huenda mbio kuliko ya chini, yanayosuguana na sakafu ya mtaro. Kwa hiyo jibu huzidishwa kwa 0.8 hivi, na kubaki lita 48.

Bahari nayo ina neno

Sehemu ya pili ya matembezi ifanyike mlangoni mwa mto, penye mikoko. Darasa likifika hapo saa mbili asubuhi Jumamosi moja na kukuta maji yamejaa, Jumamosi ifuatayo, saa ile ile, litakuta maji yamekupwa. Jambo hili si la bahati. Maji hujaa mara mbili kwa muda wa siku moja na dakika 50 hivi, ndiyo maana kujaa kwa leo huchelewa dakika 50 kuliko kwa jana. Katika siku saba ucheleweshaji huo hufikia dakika 350, karibu saa sita, na saa sita ndiyo nafasi iliyopo kati ya kujaa na kupwa. Wavuvi walizijua hesabu hizi tangu kale, wakatofautisha bamvua, wakati mwezi ni mchanga au mpevu, na maji mafu ya siku za katikati.

Elimu hii inahusu maisha ya watu. Mvua kubwa ikinyesha wakati bahari imejaa kwa bamvua, maji ya mto hukosa pa kutokea upesi, nayo hurudi nyuma na kutanda bondeni.

Kamba na jiwe

Mto hubeba mchanga unaomomonyoka huko juu, na mchanga hutua pale mkondo unapopungua nguvu. Ili kuliona jambo hili, wanafunzi wachague daraja moja la waendao kwa miguu, wateremshe jiwe lililofungwa kwenye kamba hadi liguse sakafu ya mto, na wahesabu mafundo. Kipimo kichukuliwe kila mwezi mahali pale pale. Kamba ikizidi kuwa fupi mwezi hata mwezi, sakafu inapanda, na nafasi ya maji kupita chini ya daraja inapungua. Mafundo mawili yakipotea, meta nzima ya njia ya maji imepotea.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji kamba. Maji yakishuka, huacha mstari wa taka katika uzio na matawi ya miti. Mstari huo ni ushahidi wa kimo cha maji. Wazee wa mtaa nao waamkiwe kwa heshima na kuulizwa maji yalifika wapi mwaka 2011. Wakiulizwa wazee watatu, kila mmoja peke yake, na majibu yao yakikaribiana, darasa limepata habari ya kutegemewa.

Tahadhari

Wanafunzi waende pamoja na mwalimu, wala mtu asiingie mtoni, kwa kuwa maji yake yana uchafu wa viwanda na wa majumbani. Mtaro upimwe mvua ikiwa imekwisha na maji yakiwa ya magotini au chini ya hapo. Wingu likitanda upande wa Pugu, safari iahirishwe. Mvua ya huko huweza kuujaza mto wakati Jangwani hakuna hata tone.

Daftari la mwaka mmoja lina thamani zaidi ya alama za mtihani. Mzazi atafutaye chumba cha kupanga huvutiwa na kodi nafuu ya bondeni, na huenda akaonyeshwa chumba hicho mwezi Julai, wakati ukuta umekauka na kupakwa chokaa. Mtoto mwenye daftari ataweza kumwambia, kwa adabu na kwa tarakimu, maji hufika kimo gani mwezi Aprili.

Maswali

1. Paa la shule lina eneo gani, na hupokea lita ngapi mvua ya milimita 30 inyeshapo?

2. Kwa nini darasa litembealo kila Jumamosi ya pili, saa ile ile, huikuta bahari karibu katika hali ile ile?

3. Mto au kijito kilicho karibu na shule huanzia wapi, na nani anaishi mahali ambapo maji yake hupita yakifurika?