Sekunde Moja na Nusu: Akili ya Dereva na Ajali za Barabarani

Husemwa kuwa ajali haina kinga. Msemo huo una hekima yake, lakini ukitumiwa kuelezea kila gari lililomgonga mtu, huficha jambo ambalo sayansi inaweza kulipima. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani duniani kote. Kati ya watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna sababu nyingine ya kifo iliyoua wengi zaidi. Umri huo ndio umri wa wanafunzi.

Vyanzo vya ajali ni vingi: mwendo mkali, ulevi, uchovu, breki mbovu, barabara iliyoharibika. Makala haya yanahusu chanzo kimoja tu, nacho ni akili ya dereva kuwa mahali pengine ilhali mwili wake umeketi nyuma ya usukani.

Muda unapotelea wapi?

Hadi katikati ya karne ya 19 wataalamu wengi waliamini kuwa ujumbe husafiri katika mishipa ya fahamu upesi mno hata hauwezi kupimwa. Mwaka 1850 Hermann von Helmholtz, aliyekuwa akifundisha Königsberg, aliupima katika mshipa wa mguu wa chura, akaona kuwa huenda karibu mita 27 kwa sekunde. Huo si mwendo wa ajabu. Gari linalokwenda kilomita 97 kwa saa lina kasi iyo hiyo. Kwa binadamu, mishipa inayoamrisha misuli ya miguu hupeleka ujumbe kwa kasi inayofikia mita 50 kwa sekunde. Kutoka ubongoni hadi kwenye unyayo hapafiki mita 2, kwa hiyo safari hiyo humalizika katika sekunde 0.04 hivi.

Hata hivyo, dereva mwenye afya njema, anayetokewa na jambo asilolitarajia, huchukua kama sekunde 1.5 kabla breki hazijaanza kushika. Muda huo hautumiki sana njiani katika mishipa. Sehemu kubwa hutumika ubongoni: kuona, kutambua kilichoonekana, kuamua la kufanya. Kisha mguu nao huondoka kwenye kikanyagio cha mafuta na kuhamia kwenye breki. Kasi ya mishipa hakuna awezaye kuibadilisha kwa kutaka. Kazi ya ubongo, kinyume chake, hucheleweshwa kwa urahisi mkubwa, kwani inatosha kuupa ubongo shughuli ya pili.

Hesabu ya mita 40

Na ichukuliwe gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mwisho unaoruhusiwa katika maeneo ya makazi nchini Tanzania. Gari hilo hupita mita 13.9 kila sekunde. Mtoto anaingia barabarani mita 40 mbele yake. Katika sekunde 1.5 za kutambua na kuamua, gari husogea mita 21 bila kupunguza mwendo hata kidogo. Breki zikishika juu ya lami kavu, na matairi yakiwa mazima, mwendo huweza kupungua kwa mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde. Hivyo gari huhitaji mita 14 zaidi ili lisimame. Jumla ni mita 35. Mtoto amesalimika, na zimebaki mita 5.

Sasa dereva yule yule achelewe kwa nusu sekunde tu. Gari litakuwa limekwisha kwenda mita 28 kabla ya breki kushika, na mita 12 zilizosalia hazitoshi. Kwa kutumia kanuni ijulikanayo na kila mwanafunzi wa fizikia, v² = u² – 2as, itaonekana kuwa gari linamfikia mtoto likiwa na mwendo wa kilomita 17 kwa saa. Achelewe kwa sekunde 1 kamili, na mwendo wa kugonga utakuwa kilomita 39 kwa saa. Achelewe kwa sekunde 2, basi gari litampiga mtoto kwa kilomita zote 50, kwa kuwa mguu utakuwa haujaigusa breki bado.

Jambo hili lastahili kutazamwa kwa makini darasani, maana wengi hudhani kuwa kuchelewa kidogo huleta madhara kidogo. Sivyo. Breki hula sehemu kubwa ya mwendo katika mita za mwisho za kusimama. Kwa hiyo anayenyang'anywa mita hizo chache hunyang'anywa karibu kinga yote. Mvua ikinyesha na msuguano ukapungua kwa nusu, zile mita 14 huwa 28. Mita 21 za mwanzo hazibadiliki kwa mvua wala kwa jua. Hizo ni za akili ya dereva.

Mkono au akili?

Simu inapotajwa, watu hufikiri kwanza juu ya mkono ulioacha usukani. Ni kweli kwamba mkono ni hatari, na jicho ni hatari zaidi. Sehemu ya jicho inayoweza kusoma herufi ni ndogo mno: upana wake wa kuona haupiti sana ule wa ukucha wa kidole gumba, mkono ukiwa umenyooshwa. Anayesoma ujumbe wa simu kwa sekunde 2 katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa amekwenda mita 44 bila kuitazama barabara sawasawa. Lakini hatari hailetwi na mkono na jicho peke yake.

Mwaka 1969, simu za mkononi zikiwa bado hazijaenea popote, watafiti wa Uingereza, Brown, Tickner na Simmonds, walichapisha jaribio ambamo madereva walipita kati ya vizuizi huku wakijibu maswali kwa simu ya garini. Usukani waliushika vizuri. Kilichoharibika ni uamuzi: walishindwa kutambua ni nafasi ipi ilikuwa nyembamba kuliko gari lao. Mwaka 1997 Redelmeier na Tibshirani walichunguza kumbukumbu za simu za madereva 699 wa Toronto waliopata ajali, wakaona kuwa hatari ya kugongana ilikuwa karibu mara nne ya kawaida wakati wa kutumia simu. Simu isiyoshikwa mkononi haikuonyesha nafuu. Mwaka 2001 Strayer na Johnston wa Chuo Kikuu cha Utah, kwa kutumia kifaa cha kuigiza uendeshaji, waliona kuwa wazungumzao kwa simu walikosa kuona taa za ishara mara mbili zaidi. Kusikiliza redio hakukuleta kasoro hiyo.

Jicho laweza kuelekezwa kwenye kitu na lisikione. Mwaka 1999 Simons na Chabris wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwaonyesha watu filamu ya wachezaji wakirushiana mpira, wakawaambia wahesabu pasi. Mtu aliyevaa vazi la sokwe alipita katikati ya wachezaji, na karibu nusu ya watazamaji hawakumwona.

Itaulizwa: mbona abiria huzungumza na dereva? Jibu lilitolewa na uchunguzi wa Utah wa mwaka 2008. Abiria huiona barabara. Lori likitokea kwenye kona hunyamaza, au humwonyesha dereva hatari iliyo mbele. Aliye upande wa pili wa simu haioni kona, wala hajui kwa nini hajibiwi. Huuliza tena kwa sauti kubwa zaidi. (Utingo anayebishana na dereva juu ya nauli, ingawa naye yumo garini, yafaa ahesabiwe pamoja na simu.)

Jaribio la darasani

Mwalimu ashike rula wima kutoka juu, mwanafunzi aweke kidole gumba na cha shahada kwenye alama ya sifuri bila kuigusa. Rula iachiwe ghafla, mwanafunzi aidake. Muda hupatikana kwa t = √(2d/g): sentimita 10 ni sekunde 0.14, sentimita 15 ni 0.17, 20 ni 0.20, 25 ni 0.23, na 30 ni 0.25. Muda huu ni mfupi kuliko wa dereva kwa sababu mwanafunzi anajua kitakachotokea na hana la kuamua.

Jaribio lirudiwe mara kumi, kisha mara kumi nyingine mwanafunzi akihesabu kwa sauti kurudi nyuma kutoka 100 kwa kupunguza saba saba. Wastani wa kila fungu ulinganishwe. Tofauti kati ya sentimita 20 na 30 ni kama sekunde 0.045, nayo kwa gari la kilomita 80 kwa saa ni mita 1 ya barabara. Itatokea kuwa rula nyingine inaanguka hadi sakafuni bila kudakwa kabisa. Wanafunzi hupenda kuifuta na kuomba jaribio lirudiwe. Isifutwe, bali iandikwe daftarini pamoja na nyingine.