Frigo ya nyumbani na umeme unaokatika



Mtu akifika dispanseri na kuhara na kutapika, swali letu la kwanza ni moja: jana ulikula nini? Mara nyingi jibu ni hili: "Nyama, Muganga, lakini ilikuwa ndani ya frigo." Tukiuliza kama umeme ulikatika usiku, anakubali: ulikatika saa moja jioni, ukarudi asubuhi. Basi nyama ile haikulala ndani ya frigo. Ililala ndani ya sanduku lenye mlango.

Hapa Goma habari hii inatuhusu sote. Kituo cha Matebe, kule Rutshuru, kilifunguliwa mwaka wa 2015, na nyumba nyingi za mji zimepata umeme kuliko zamani. Hata hivyo mvua, radi na waya zilizochoka zinaukata mara kwa mara. Tena kuna siku kubwa zaidi: Nyiragongo ilipopasuka tarehe 22 Mei 2021, na vita vilipoingia mjini mwezi wa Januari 2025, watu walikaa siku kadhaa bila umeme. Wale waliohama mwaka wa 2021 na kuacha frigo imejaa, hawahitaji kuelezwa walikuta nini waliporudi.

FRIGO INAFANYAJE KAZI?

Frigo haiingizi baridi ndani. Inatoa joto. Mota iliyo chini, kwa nyuma, inakaza gesi ndani ya bomba nyembamba. Gesi inapita nyuma na kuacha joto lake hewani, kisha inaingia ndani ya frigo, inalegea, na kunyonya joto la chakula. Halafu inarudi kwa mota na kuanza tena safari. Ndiyo sababu nyuma ya frigo kuna joto. Si alama ya ugonjwa.

Ukielewa jambo hili, mengine yanafuata yenyewe. Frigo iliyobanwa na ukuta haina mahali pa kutupia joto: acha nafasi ya upana wa kiganja kwa nyuma. Vumbi letu jeusi la mawe ya volkano linashikamana na bomba zile na kuzivika kama blanketi. Kila mwezi chomoa waya wa umeme, ondoa vumbi kwa brashi kavu, na usimwage maji. Sufuria ya moto ikiwekwa ndani inapasha chakula cha jirani yake. Ila kungoja isiwe kisingizio cha kuacha sombe mezani hadi usiku. Igawe katika vyombo vidogo ipoe upesi, kisha iingie kabla saa 2 hazijapita.

Kile kifundo chenye namba kinadanganya wengi. Namba kubwa maana yake ni baridi nyingi, si joto jingi. Weka kikombe cha maji katikati, tia termometa ndani yake, funga mlango, usome asubuhi. Tunataka nyuzi 4 hivi. Mpira wa mlango nao una kipimo chake: funga mlango juu ya noti ya franka 500, halafu vuta. Noti ikitoka bila kushikwa, mpira umechoka au umechafuka. Uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kabla ya kufikiri kununua mwingine.

UMEME UKIKATIKA

Tazama saa. Hilo ndilo jambo la kwanza, na ndilo linalosahauliwa. Kisha usifungue mlango. Frigo iliyofungwa inalinda chakula kwa saa 4 hivi. Kila anayefungua "kuangalia tu" anazipunguza. Sehemu ya barafu, kama imejaa na haikufunguliwa, inastahimili muda mrefu zaidi.

Baridi haiui mikrobu, inazichelewesha tu. Katika chakula chenye uvuguvugu, mikrobu moja inaweza kuwa mbili kila dakika 20. Fanya hesabu: baada ya saa 4 ni zaidi ya 4,000. Kwa hiyo nyama, maziwa, sambaza wabichi, maharagi yaliyopikwa na wali, vikikaa bila baridi zaidi ya saa 4, vitupwe. Tunajua bei ya nyama, na tunajua mama anavyouma kuitupa. Lakini pua si daktari: chakula kinaweza kuwa kibaya bila kunuka. Na kuchemsha upya hakuokoi kila kitu, kwa maana baadhi ya mikrobu huacha sumu isiyokufa motoni. Mtoto mdogo anaweza kukaushwa na kuhara kwa siku moja tu. Jibini ngumu ya Masisi, vitunguu, siagi na sambaza wakavu havina haraka hiyo.

Baba akiwa mgodini na nyumba imefungwa, nani atajua kama umeme ulikatika? Gandisha maji katika kikombe, weka sarafu au kijiwe juu ya barafu. Ukirudi ukakuta kimezama chini, barafu iliyeyuka na kuganda tena. Usibishane nacho.

Umeme unaporudi, mara nyingi unakuja kwa nguvu ya kupanda na kushuka. Hapo ndipo mota nyingi zinaungua. Umeme ukikatika, chomoa frigo na acha taa moja imewashwa. Taa ikiwaka na kutulia, ngoja dakika 10 ndipo uchomeke. Mota ikianza upesi mno, gesi bado imekazwa upande mmoja, nayo inashindwa kuzunguka. Utasikia mlio "tak", mngurumo kidogo, kisha kimya. Ukisikia hivyo tena na tena hata baada ya kungoja, chomoa na uite fundi. Huenda umeme ni dhaifu au kifaa cha kuwashia mota kimeharibika. Stabilizateri inasaidia, lakini iwe na nguvu ya kutosha, kwa sababu mota inapoanza inadai umeme mara kadhaa kuliko inapokwenda.

Maji yakitokea chini ya rafu, si lazima gesi imekwisha, kama mafundi fulani wanavyopenda kusema. Tazama kwanza kitundu cha maji kwa nyuma. Mara nyingi kimezibwa na jani la lengalenga.

Frigo ikikutikisa ukiigusa, hata kidogo, usiizoee. Kata umeme kwenye kisanduku cha nyumba na usiitumie hadi fundi aione. Wengi hapa hawana waya wa ardhini, kwa sababu chuma hakiingii kwenye jiwe la volkano. Mwombe fundi apime, na aweke disjonkteri ya 30 mA inayokata yenyewe. Usisimame peku kwenye sakafu yenye maji ukishika mlango. Ukimkuta mtu amenaswa, usimguse kabla ya kukata umeme.

Barafu ikiwa nene, izime frigo, acha mlango wazi, weka bakuli la maji ya moto ndani. Kisu kisiingie hapo kamwe: kinatoboa bomba. Frigo nyingi za sasa zina gesi R600a, nayo inawaka. Namba yake imeandikwa kwenye kibati cha nyuma. Bomba likitobolewa, toa mbabula nje na fungua madirisha. Usiguse swichi yoyote.

Kwa wenye ugonjwa wa sukari: insulini isiyofunguliwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, katikati ya rafu, mbali na ukuta wa nyuma. Ikiganda imekufa, hata kama imeyeyuka na kuonekana safi. Chupa unayoitumia, nyingi zinaweza kukaa wiki 4 hivi nje ya frigo, mahali pa kivuli. Umeme ukikatika kwa siku nyingi, zile zisizofunguliwa zilete dispanseri.

Na frigo iliyokufa isiachwe uani na mlango wake. Zile za zamani zenye kitasa cha chuma hazifunguki kutoka ndani, na mtoto anayejificha humo anakosa hewa bila sauti yake kusikika. Ng'oa mlango siku ile ile.