Waya kati ya kompyuta na ampli: somo kwa wasikilizaji wa lugha

Makala hii inahusu waya mmoja tu: ule unaotoka kwenye kompyuta na kuingia kwenye mashine ya muziki ya nyumbani. Huenda msomaji akauliza waya unahusu nini kitivo cha lugha. Jibu ni kwamba sisi tunaosoma lugha za Kiafrika tunaishi kwa masikio. Tunarekodi wazee, tunahamisha rekodi kwenye kompyuta, kisha tunazisikiliza mara kumi au ishirini kabla ya kuandika sentensi moja. Spika ndogo za kompyuta hazitoi sauti nzito vizuri, kwa hiyo wengi tunaunganisha kompyuta na ampli yenye spika kubwa, zile tunazoziita bafle. Waya ukiwa mbaya, kosa lake tutaliandika kana kwamba ni la mzee aliyetupa maneno yake. Hapo ndipo penye hatari.

Tuchukue toni. Katika Kilingala, *moto* yenye toni za chini ni mtu, na *motó* yenye toni ya juu mwishoni ni kichwa. Kiluba, Kisanga na Kibemba nazo hutumia toni. Mwanamume akizungumza, sauti yake kwa kawaida huwa karibu na Hz 100 hadi 150. Umeme wetu wa ukutani ni wa Hz 50, na mvumo wake hutokea pia kwenye mafungu yake: 100, 150, na kuendelea. Maana yake, mvumo wa waya unakaa palepale inapokaa toni ya mzee. Sikio lililochoka haliwezi kuvitenga.

1. Tazama matundu kabla ya kununua

Usiende sokoni ukiwa na jina la waya kichwani. Nenda ukijua matundu uliyo nayo pande zote mbili.

Upande wa kompyuta, mara nyingi kuna tundu la duara la milimita 3.5, lile la vichwa vya kusikilizia. Upande wa ampli, tazama nyuma. Utaona matundu mawili mawili, jekundu na jeupe (au jeusi). Hayo huitwa RCA, kwa jina la kampuni ya Marekani, Radio Corporation of America. Jekundu ni la upande wa kulia, jeupe ni la kushoto.

Juu ya matundu hayo kuna maandishi. Yakisema AUX, LINE IN, CD au TAPE IN, unaweza kuingiza kompyuta. Yakisema PHONO, usiingize. Tundu hilo lilitengenezwa kwa sindano ya sahani za santuri, ambayo hutoa milivolti chache tu. Ampli hukuza umeme huo mdogo mara nyingi, tena huongeza sauti nzito na kupunguza nyembamba ili kurudisha usawa wa santuri. Kompyuta inaweza kutoa karibu volti moja. Ukiiingiza hapo, sauti itapasuka na vokali zote zitaharibika. Tena usiguse kabisa matundu ya kutolea sauti kwenda kwenye spika: umeme unaotoka hapo ni mkubwa na unaweza kuunguza kompyuta.

2. Waya unaofaa kwa wengi wetu

Kwa hali hiyo, waya unaotakiwa ni ule wenye plagi moja ya milimita 3.5 upande mmoja na plagi mbili za RCA upande wa pili. Kabla ya kulipa, hesabu mikanda myeusi kwenye plagi ndogo.

Mikanda miwili inaigawa plagi sehemu tatu: ncha ni ya sauti ya kushoto, pete ya kati ni ya kulia, na shina ni la ardhi, yaani njia ya pamoja ya kurudia umeme. Hiyo ndiyo unayoitaka. Mkanda mmoja maana yake ni sauti ya njia moja tu. Ukiuingiza kwenye kompyuta, sauti ya kulia hupotea. Mikanda mitatu ni ya vifaa vyenye maikrofoni ndani yake, na si lazima kwa kazi hii.

Jambo hili si dogo kwa mtafiti. Wengi wetu tunarekodi kwa maikrofoni mbili, anayeuliza upande mmoja na anayejibu upande mwingine. Njia ya kulia ikipotea, huenda ukabaki na maswali yako mwenyewe bila majibu, au majibu yakasikika kwa mbali kama mtu aliye chumba cha pili.

Kuna kosa jingine la ajabu zaidi. Shina la plagi lisipogusa vizuri, spika hutoa tofauti tu ya kushoto na kulia. Sauti iliyorekodiwa sawasawa pande zote mbili hufifia au hupotea, na vinavyobaki ni mwangwi na kelele za pembeni. Anayesikia hivyo hudhani rekodi imeharibika, kumbe plagi haijaingia mpaka mwisho.

Kuhusu urefu, mita moja na nusu hadi tatu zinatosha nyumbani. Waya mrefu kupita haja hukusanya kelele zaidi. Tafuta waya wenye wavu wa chuma unaozunguka nyuzi za ndani, kwa kuwa wavu huo ndio unaozuia kelele za nje. Dhahabu iliyopakwa kwenye plagi huzuia kutu, na katika mji wenye unyevu wa miezi ya mvua hilo lina faida. Lakini dhahabu haiongezi uzuri wa sauti. Usilipe mara tano kwa ajili ya rangi. Omba muuzaji akuruhusu kuujaribu: cheza sauti, tikisa waya karibu na plagi, na ukisikia mikwaruzo, rudisha.

3. Kupanga sauti

Punguza sauti ya ampli mpaka chini kabisa kabla ya kuchomeka. Weka kompyuta kwenye asilimia 80 au 90, kisha pandisha sauti kwa kitufe cha ampli. Ukifanya kinyume, kompyuta chini na ampli juu, ampli itakuza pia mchakacho wa ndani ya kompyuta. Zima kila programu ya kompyuta inayoongeza besi au inayodai kuboresha muziki. Sisi hatutaki uzuri, tunataka ukweli.

4. Mvumo

Ukisikia mvumo usiokoma, fanya jaribio moja: chomoa chaja ya kompyuta, uache ifanye kazi kwa betri. Mvumo ukitoweka, sababu ni kwamba kompyuta na ampli zimeunganishwa na ardhi kwa njia mbili, na umeme kidogo unazunguka kupitia waya wako wa sauti. Dawa ya kwanza ni kusikiliza kwa betri. Ya pili ni kuchomeka vyote viwili kwenye ubao mmoja wa soketi. Ya tatu ni kuweka katikati ya waya kifaa kidogo cha kutenganisha, chenye transfoma ndani. Usikate kamwe mguu wa ardhi wa plagi ya ukutani, maana unakulinda wewe usipigwe na umeme.

Wanaotumia jenereta wawe waangalifu zaidi. Mwendo wa jenereta ndogo hubadilika kadiri mzigo unavyobadilika, na mvumo wake hupanda na kushuka kidogo. Mvumo unaopanda na kushuka chini ya sauti ya mtu ni mtego kwa anayeandika toni.

5. Njia nyingine

Kama tundu la kompyuta limechakaa au linatoa mchakacho, kadi ya sauti ya nje inayoingia kwa USB inasaidia: inageuza namba kuwa sauti nje ya kompyuta, mbali na kelele za ndani. Baadhi ya kompyuta na ampli zina tundu la waya wa mwanga. Waya huo hupitisha mwanga badala ya umeme, kwa hiyo ule mzunguko wa ardhi hauwezi kupita humo.

Bluetooth ni rahisi, lakini kwa kawaida hubana sauti na kutupa sehemu inazodhani sikio halitazihitaji. Kwa muziki wa jioni haina neno. Kwa kutofautisha *s* na *sh*, ambazo sehemu kubwa ya nguvu yake iko kwenye masafa ya juu, mimi nachagua waya.

6. Kosa la waya au kosa la rekodi?

Hili ndilo swali la msingi kwa mtafiti. Waya unabadilisha kile tunachosikia, lakini haugusi faili. Fungua rekodi katika Praat, programu ya Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam, utazame sehemu ambapo hakuna anayesema. Ukiona mistari iliyolala kwenye Hz 50, 100 na 150, mvumo umo ndani ya rekodi. Waya mpya hautaufuta. Sehemu hiyo ikiwa safi lakini bafle inavuma, kosa liko kati ya kompyuta na ampli. Kisha sikiliza kwa vichwa vya kusikilizia vilivyochomekwa kwenye kompyuta moja kwa moja. Mambo hayo mawili yakikubaliana, una ushahidi.

Ninashauri kazi zetu za kumaliza masomo ziwe na mistari miwili katika sura ya mbinu: tulirekodi kwa chombo gani, tukasikiliza kwa chombo gani. Tunataja kijiji na umri wa msemaji. Tutaje pia njia ambayo sauti yake imepita mpaka kutufikia.

Mazoezi

1. Tazama ampli ya nyumbani kwenu. Andika majina ya matundu yote, na useme yapi yanafaa kompyuta.
2. Chukua rekodi ya dakika moja yenye wasemaji wawili. Isikilize njia ya kushoto peke yake, kisha ya kulia. Nani amepotea?
3. Andika toni za maneno kumi ukisikiliza kwa bafle huku chaja imechomekwa, kisha kesho yake kwa betri. Linganisha orodha mbili. Neno lolote lililobadilika, usilipeleke kwa mwalimu kabla hujalisikiliza tena.