Kufuma na Kufumua: Lugha ya Maelekezo kati ya Mbunifu na Mfumaji

Makala haya yanachunguza aina moja ya matini ambayo wanafunzi wa tafsiri huipuuza: maelekezo ya mbunifu wa kujitegemea wa mavazi ya kufuma. Tuchukue mfano wa mbunifu anayeishi Lubumbashi na mfumaji aliye Kasomeno, kwenye barabara ya Kasenga. Hawaonani kila siku. Kinachowaunganisha ni maandishi, na neno moja likikosewa, kazi ya siku kadhaa hufumuliwa.

1. Istilahi

Kitenzi fuma kina ukoo mpana: mfumaji, ufumaji, mfumo. Kiambishi cha kutendua kinatupa fumua, kama funga na fungua. Lakini fuma hutumika kwa kitambaa cha mtambo, kwa sindano mbili na kwa kroshia vilevile. Mjini Lubumbashi, kutrikote husikika kando ya kufuma, na pilova kando ya sweta. Hakuna haja ya kufuta neno lolote kati ya haya. Kinachotakiwa ni kutaja kifaa mwanzoni: "kufuma kwa sindano mbili, namba 4".

Kifaransa hutofautisha kitanzi cha endroit na cha envers. Tukitafsiri "kitanzi cha mbele" na "kitanzi cha nyuma", tunaleta utata, kwa kuwa pilova yenyewe ina kipande cha mbele na cha nyuma. Tunapendekeza kitanzi cha nje na kitanzi cha ndani, na kuacha mbele na nyuma kwa vipande vya vazi.

2. Sampuli

Kabla ya vazi, mfumaji hufuma kipande kidogo na kuhesabu vitanzi katika sentimita 10. Tuseme mbunifu amepata vitanzi 20. Kwa kifua cha sentimita 100, ataandika: "anza na vitanzi 200". Mfumaji mwenye mkono wa kukaza akipata vitanzi 22, vitanzi vilevile 200 vitatoa takriban sentimita 91. Hesabu ni sahihi na tafsiri ni sahihi, lakini vazi halimwingii mtu. Kwa hiyo sampuli ni sehemu ya matini. Mfasiri asiiache ati ni maelezo ya pembeni.

3. Sentensi zenye mitego

(a) "Rudia mara 3." Je, ni mara 3 kwa jumla, au mara 3 zaidi baada ya ile ya kwanza? Kwa pambo la vitanzi 8, jibu ni 24 au 32. Andika "jumla mara 3".

(b) "Bega la kushoto." Kushoto kwa mvaaji, au kwa anayeitazama nguo mezani? Andika "kushoto kwa mvaaji".

(c) "Pima mkono." Mkono ni kiungo cha mwili na pia ni sehemu ya nguo. Andika "mkono wa nguo, kutoka kwapani hadi pindoni".

4. Maandishi ni ya nani?

Elizabeth Zimmermann, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1910 na kuhamia Marekani, alipenda kufuma kwa mzunguko, nguo ikitoka kama bomba lisilo na mshono ubavuni. Kampuni ya uzi iliyonunua muundo wake iliandika upya maelekezo yake kwa vipande bapa vya kuunganishwa. Baadaye alianza kuchapisha maelekezo yake mwenyewe, na mwaka 1959 akaanzisha Schoolhouse Press. Alifundisha pia kukokotoa vazi zima kutokana na idadi moja: kiwiliwili kikiwa asilimia 100, pindo la mkono huwa kama asilimia 20. Kwa vitanzi 200, pindo ni 40.

Kisa hiki kinatufundisha kwamba anayebadili maneno ya maelekezo hubadili nguo yenyewe. Mfasiri anayeona kosa amwulize mbunifu, asilirekebishe kimyakimya.

Upande wa mfumaji nao una haki yake. Anayelipwa kwa kila nguo hubeba hasara yote ya kufumua, hata kosa likiwa la mwandishi. Makubaliano yaseme mapema, kwa lugha anayoisoma mfumaji: sampuli ithibitishwe na mbunifu kabla ya kazi kuanza, na kosa likiwa katika maelekezo, muda wa kufumua na kufuma tena ulipwe. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa letu. Mfumaji asilazimike kutia sahihi kwenye Kifaransa asichokielewa.

Zoezi

1. Andika upya bila utata: "Punguza kitanzi kila upande kila mistari 4, mara 5." Jumla vinapungua vitanzi vingapi?
2. Kifua ni sentimita 90, sampuli ni vitanzi 22 kwa sentimita 10. Uanze na vitanzi vingapi?
3. Mwombe mfumaji wa mtaani kwako akueleze kofia ya mtoto kwa maneno yake. Yaandike kama alivyoyasema, kisha umsomee. Anapokusahihisha, andika alichobadili.